HOMA SI MALARIA SIKU ZOTE



Huku kwetu kando ya ziwa, tangu Migori mpaka Homa Bay, mtu akishikwa na homa hakuna anayeuliza mengi. Jirani asema ni malaria, mwenye duka asema ni malaria, na nyapara naye asema ni malaria. Mara nyingi wote watatu wamesema kweli. Kenya ilipoanza kuwapa watoto chanjo ya malaria mwaka 2019, ilianzia Homa Bay, na sababu yake kila mzazi wa hapa aijua.

Lakini leo twataka kusema juu ya homa isiyoletwa na mbu. Wako wenzetu kazini wanaotumia dawa za ugonjwa wa akili, yaani dawa za kumtuliza mtu anayesikia sauti zisizokuwapo au anayeona kwamba watu wote wanamwinda. Dawa ya kwanza ya namna hii, kloropromazini, ilianza kutumiwa Ufaransa mwaka 1952. Dawa hizi ni njema. Zimewarudisha watu wengi kwenye jamaa zao na kwenye kazi zao. Lakini panga kali linalokata muwa laweza kukata na mguu, mwenyewe asipoangalia.

Hatari ni tatu. Ya kwanza ni ya dawa iitwayo klozapini, ambayo hupewa mgonjwa aliyeshindwa kupona kwa dawa nyingine. Kwa watu wachache, chini ya mmoja katika kila mia, huua chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili. Askari wakiisha, kidonda kidogo cha koo chaweza kuua. Mwaka 1975 watu 8 walikufa hivyo huko Finland, na dawa ikaondolewa katika nchi nyingi. Ilirudishwa baadaye kwa sharti la kupima damu, kila juma katika majuma 18 ya kwanza, kwa kuwa hapo ndipo hatari ilipo kubwa. Tena, watu wengi wa Afrika huzaliwa na chembe nyeupe chache kuliko Wazungu, nao ni wazima kabisa. Kwa hiyo damu ipimwe kabla ya kuanza dawa, ili daktari alinganishe hesabu ya mtu na hesabu yake mwenyewe.

Hatari ya pili yaweza kuletwa na haloperidoli na nyingine za jamii yake, hasa siku za kwanza au dawa inapoongezwa. Mwili huwaka moto, viungo hukakamaa kama mti, jasho hutoka, na mgonjwa huchanganyikiwa. Haitokei mara nyingi, lakini ikitokea ni kukimbia hospitali saa ile ile.

Ya tatu ni jua. Baadhi ya dawa hizi huuzuia mwili usijipoze vizuri. Mkata miwa azitumiaye ahitaji maji na kivuli kuliko mwenzake.

Sasa fikirini mkata miwa wa Awendo au mvuvi wa Mbita anayetumia dawa hizi kwa siri. Homa yamshika, koo lamuuma. Anunua dawa ya malaria dukani, alala siku tatu. Akienda zahanati hasemi anatumia dawa gani, maana ahofu habari itafika ofisini naye aitwe mwenda wazimu na kufukuzwa. Ndugu, hapo kinachomuua si dawa peke yake. Ni ile siri, na siri hiyo tumemfungia sisi wenyewe kwa kicheko chetu kazini.

Basi twasema hivi:

1. Unayetumia dawa hizi, ukipata homa nenda hospitali siku hiyo hiyo. Sema jina la dawa, au chukua pakiti yake. Omba upimwe malaria na hesabu ya chembe nyeupe pia. Malaria ikionekana, hilo halimalizi neno. Mtu aweza kuwa na yote mawili.

2. Usiache dawa kwa shauri lako wala la jirani. Anayejua kuikatiza au kuibadili ni daktari.

3. Mwenzake kazini, ukimwona amekakamaa na mwili wamoto, usingoje kengele ya jioni. Mpeleke.

4. Mwajiri, siku ya kupima damu si siku ya utoro. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yampa mfanya kazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara kila mwaka, akiwa na cheti cha daktari. Sheria hiyo hiyo yakataza kumbagua mtu kwa ajili ya ulemavu.

Maofisa wa chama nao wajue wajibu wao. Mwanachama akija na jambo hili, lisikizwe faraghani na lisitoke nje ya mlango. Chama kinachopigania senti za mshahara na kumwacha mwanachama afe kwa aibu kimefanya nusu ya kazi yake. Mkono uliovunjika kwenye mashine hatuuchekei. Tusiicheke akili iliyougua.