MAJI YA RANGI: DAWA TUNAICHOMA JIKONI

Kila mama anayevaa kanga anajua jambo ambalo wenye viwanda hawapendi lisemwe. Kanga mpya ikitiwa majini mara ya kwanza, maji hugeuka rangi. Na hayo ni mabaki tu. Kabla ya kufika dukani imekwisha oshwa kiwandani mara kadhaa, na rangi iliyokataa kushika pamba imekwenda na maji. Katika rangi zinazofungamana na uzi, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 1956 na leo ndizo zinazotumika sana kwa pamba, sehemu isiyoshika huweza kupita theluthi moja. Basi sisi tunauliza: maji yale yamekwenda wapi?

Yamekwenda mtoni. Mto Msimbazi hutoka vilima vya Pugu, hukata jiji la Dar es Salaam, na kuingia baharini karibu na Daraja la Selander. Kwa miaka mingi umepokea maji machafu ya viwandani na ya majumbani, na kwa miaka hiyo hiyo watu wetu wamelima mchicha kingoni mwake. Mchicha huo tumeula sote, wa Upanga na wa Vingunguti.

Wako watakaosema rangi ni uchafu wa macho tu. Hatukubali. Rangi hizi zimetengenezwa makusudi zisipauke kwa jua wala kwa sabuni, kwa hiyo mtoni haziozi upesi. Huzuia mwanga usifike chini, na mimea ya majini hufa. Tena baadhi ya rangi za jamii ya azo, zikilala katika tope lisilo na hewa, huvunjika na kutoa vitu vinavyoweza kuleta saratani.

Dawa ipo, na sehemu kubwa ya dawa hiyo tunaitupa au tunaichoma jikoni. Vifuu vya nazi vya Mafia na Bagamoyo, magunzi ya mahindi, pumba za mpunga, makapi ya mkonge. Katika jani la mkonge nyuzi ni kama sehemu 4 tu kwa 100; zilizobaki ni taka. Taka hizo zikikaushwa, zikachomwa katika chombo kilichofunikwa zisipate hewa, kisha zikapitishiwa mvuke kwenye joto la nyuzi 800 au zaidi, hutoka makaa yenye vitundu visivyohesabika. Gramu moja ya makaa mazuri huwa na eneo la ndani la mita za mraba 1,000 hivi. Gramu 7 tu zinalingana na kiwanja cha mpira! Rangi ikipita hapo hunaswa kwenye kuta za vitundu hivyo, na maji hutoka meupe.

Hii si ndoto ya wasomi. Makaa ya vifuu ndiyo yanayonasa dhahabu katika migodi mikubwa ya Kanda ya Ziwa. Sri Lanka, Ufilipino na Indonesia wanauza makaa hayo dunia nzima. Nao wana nini ambacho pwani yetu haina? Wana minazi, nasi tuna minazi.

Lakini hatutaki kudanganyana. Kuna maneno mengi matamu juu ya jambo hili, na baadhi yake yametoka maabara. Watafiti wa dunia nzima wanapenda kupima makaa yao kwa rangi ya buluu iitwayo methilini, kwa sababu hunaswa kwa urahisi. Kanga haitiwi rangi hiyo. Rangi za pamba zina chembe kubwa zaidi, na nyingi hushikwa vyema maji yakiwa na ukali wa ndimu, hali maji ya kiwandani huwa na magadi. Vitundu vya kifuu ni vyembamba mno. Pengine kwa kazi hii gunzi au mti litafaa kuliko kifuu. Basi ndugu zetu wa vyuo vikuu watoke na madebe, wachote maji yenyewe kwenye mifereji ya viwanda, wapime hayo.

Na chumvi je? Pamba hutiwa rangi kwa chumvi nyingi, ambayo huweza kufika gramu 50 katika lita moja ya maji na hata kupita. Makaa hayanasi chumvi. Maji yanaweza kuwa meupe kama ya mvua na bado yakaua shamba. Wahindi wa Tirupur wameliona hilo. Maji ya viwanda vyao yaliharibu mto Noyyal, wakulima wakaenda mahakamani, na mwezi Januari 2011 Mahakama Kuu ya Madras ikaamuru viwanda vya rangi zaidi ya 700 vifungwe. Walioumia siku ile walikuwa pia wafanyakazi, ambao hawakuwahi kuulizwa maji yamwagwe wapi. Mwenye kiwanda anayesema kusafisha maji kutaua ajira aisome habari hiyo vizuri.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira tunayo tangu mwaka 2004. Tunachotaka ni itumike mlangoni pa mfereji. Kila kiwanda cha nguo kipimwe maji yake hadharani, matokeo yabandikwe ukutani mahali mfanyakazi na mkulima wa mchicha wanapoweza kuyasoma, kwa Kiswahili. Vyama vya ushirika vya wakulima wa nazi na mahindi vipewe mkopo wa matanuri, na viwanda vinunue makaa kwao kabla ya kuagiza ng'ambo.

Makaa yaliyokwisha shiba rangi yasitupwe jalalani, maana sumu imo ndani yake. Yarudishwe kwenye tanuri yachomwe upya na kutumika tena, au yateketezwe kwa joto kali, na gharama hiyo iandikwe katika vitabu vya kiwanda pamoja na bei ya rangi na bei ya chumvi.