Mzee Anasahau: Ni Uzee au Ni Ugonjwa?

Leo twataka kunena nanyi juu ya jambo linaloumiza jamaa nyingi: usahaulifu wa wazee.

Hapa Kipushi wako wazee waliofanya kazi chini ya ardhi kabla mgodi haujafungwa mwaka 1993. Mzee wa namna hiyo huenda akataja wenzake wa zamani mmoja mmoja, lakini asubuhi akauliza mara tatu kama amekwisha kunywa chai. Wengine husema anajifanya. Wengine, vibaya zaidi, hunong'ona habari za ulozi.

Sababu imo ubongoni. Ndani yake, karibu na kila sikio, kuna sehemu ndogo iliyopindika iitwayo hipokampasi. Kazi yake ni kupokea mambo mapya na kuyatia akibani. Mambo ya zamani yamekwisha kuenea penginepo, nayo hayaitegemei sana.

Katika uzee wa kawaida, njia za ubongo hupunguza mwendo tu. Mzee husahau jina la jirani, lakini ukimdokezea mwanzo wake, hulikumbuka. Jina lilikuwamo, ila lilichelewa kutoka. Ugonjwa wa Alzheimer, uitwao hivyo kwa jina la daktari Mjerumani aliyeueleza mwaka 1906, ni jambo jingine. Takataka za protini hukusanyika, na chembe za hipokampasi na za jirani yake huharibika mapema. Hapo dokezo halisaidii sana, maana habari haikupata kuwekwa akibani.

Wala si ugonjwa wa Wazungu peke yao. Uchunguzi wa wilaya ya Hai, Tanzania, uliotangazwa mwaka 2013, ulihusu wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi. Ilionekana kwamba katika kila mia, wapata sita walikuwa na maradhi haya au mengine ya kupotewa na akili.

Basi yatupasa nini? Kwanza, mpelekeni mzee kwa mganga wa hospitali. Huzuni nzito, upungufu wa vitamini, hata dawa fulani huweza kuleta usahaulifu unaotibika. Alzheimer yenyewe haijapatiwa dawa ya kuiponya. Pili, mtu asithubutu kumwita mlozi: aliyepotewa na kumbukumbu hakumroga mtu. Tatu, akiuliza mara ya nne, mjibuni kwa upole ule ule, kwa maana kwake yeye hiyo ndiyo mara ya kwanza.