Kongamano la hadithi za sayansi lianzishwe Eastlands

Januari 3, 1937, mashabiki wachache wa hadithi za sayansi walikutana katika ukumbi wa kukodi mjini Leeds, Uingereza. Hawakuwa na mfadhili wala mgeni rasmi. Miongoni mwao alikuwamo kijana wa miaka 19, Arthur C. Clarke. Miaka minane baadaye, Clarke huyo alichapisha makala akieleza jinsi setilaiti zilizowekwa juu ya Ikweta zingeweza kusambaza mawasiliano duniani kote. Wakati huo hapakuwa na setilaiti hata moja angani.

Tangu mkutano huo wa Leeds, makongamano ya aina hii yamekuwa na desturi moja: mashabiki ndio waandaaji. Worldcon, lililo kubwa kuliko yote kwa hadhi, lilianza New York mwaka 1939 na hadi leo huendeshwa na watu wanaojitolea bila mshahara. Katika Chuo Kikuu cha Harvard, wanafunzi walianzisha lao, Vericon, mwaka 2001. Wao ndio walioalika waandishi, wakapanga vyumba na kukaa mlangoni kupokea wageni. Wanafunzi huhitimu na kuondoka, na wanaobaki hulazimika kujifunza kazi upesi ili nao wawafunze wanaokuja. Ndiyo maana kongamano la wanafunzi hulea watu kuliko tamasha la kampuni.

Nairobi haiko nyuma. Kongamano la vibonzo la NAICCON limewahi kujaza ukumbi wa Sarit kule Westlands kwa vijana waliovaa kama wahusika wa katuni, filamu na michezo ya video. Kwa kijana wa Kayole au Dandora, mitaa ya Eastlands iliyoko mashariki mwa jiji, hata hivyo, safari ya kwenda huko ni matatu mbili, ya kwanza hadi katikati ya jiji na ya pili hadi Westlands, kisha kiingilio, kisha chakula cha bei ya huko. Akitaka kujitolea kwa siku mbili au tatu, nauli huongezeka maradufu. Wengi wenye hamu huishia kutazama picha kwenye simu.

Hoja ya makala hii ni moja. Eastlands yahitaji kongamano lake la hadithi za sayansi, likiendeshwa na wanafunzi, kwenye kumbi na maktaba zilizoko mitaani. Kumbi zipo, ustadi upo, na hadithi zenyewe zimejaa tele.

Tuanze na kumbi. Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940, una ukumbi wa jamii ambamo wanasiasa wa enzi ya kupigania uhuru walikuwa wakijadili mustakabali wa nchi isiyokuwapo bado. Karibu nao ipo maktaba ya Kaloleni, na kule Makadara ipo maktaba ya Eastlands. Zote mbili zilikuwa zimechakaa hadi shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, liliposhirikiana na serikali ya kaunti kuzikarabati. Mwaka 2022 tamasha la fasihi la NBO Litfest lilifanyika katika maktaba hizo mbili pamoja na ile ya McMillan iliyoko katikati ya jiji. Wageni walifika na watoto wa mtaa wakaingia. Shaka kwamba watu hawawezi kufuata vitabu hadi Makadara imekwisha.

Ustadi nao hautafutwi mbali. Vazi la mpiganaji wa angani hutengenezwa kwa mikeka ya sponji: hukatwa kwa wembe, hupashwa moto hadi ilegee, hukunjwa kufuata umbo la bega, kisha hugandishwa kwa gundi ya fundi viatu na kupakwa rangi ya fedha. Kila kitu hapo hupatikana kati ya masoko ya Gikomba na Kamukunji. Kamukunji kwenyewe, mafundi wa jua kali hugonga bati la mapipa likawa sanduku, jiko au toroli kutwa nzima. Kofia ya chuma ya roboti si kazi ya kuwatoa jasho. Wachoraji wa matatu za Umoja na Buruburu wamewapaka mashujaa wa filamu ubavuni mwa magari kwa miaka mingi. Buruburu kuna chuo cha sanaa, BIFA, na Donholm kuna Eastlands College of Technology. Wanafunzi wa vyuo hivyo viwili wakikaa meza moja, kamati imepatikana.

Hadithi je? Filamu fupi ya Wanuri Kahiu, *Pumzi*, ya mwaka 2009, inaonyesha Afrika Mashariki ya baadaye ambako maji yamekwisha na kila tone la jasho hukusanywa na kusafishwa upya. Mtazamaji wa Umoja anayeamka alfajiri kupanga foleni na mtungi wa lita ishirini haielewi filamu hiyo kama ndoto ya mbali. Gazeti la katuni la *Shujaaz*, lililoanza mwaka 2010 likitolewa bure kwa lugha ya Sheng, lilimpa kijana mmoja redio ya siri chumbani mwake, akasikika nchi nzima. Mwaka 2012 lilishinda tuzo ya kimataifa ya Emmy. Mwaka 2010 pia, bendi ya Just A Band, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Kenyatta, ilimtoa shujaa wa kubuni, Makmende, katika video ya wimbo "Ha-He", na mashabiki wakamtungia visa vyao wenyewe kwenye intaneti kwa wiki kadhaa. Januari 2015, waandishi wa Jalada walitoa toleo zima la hadithi za Afrika ijayo.

Wasomaji wa Kiswahili wana chao pia. Katika *Walenisi* ya Katama Mkangi, iliyochapishwa mwaka 1995, Dzombo anahukumiwa na kurushwa kwa chombo cha angani, na badala ya kuangamia anafika katika nchi yenye utaratibu wa haki kuliko ile iliyomhukumu. Mkangi, aliyewahi kuwekwa kizuizini na serikali, aliona kwamba safari ya angani ilikuwa njia nzuri ya kuijadili Kenya. Kongamano la Eastlands lingeweza kutenga asubuhi nzima kwa kitabu hicho, kwa Kiswahili na Sheng, na mjadala usiishe.

Wapo wazazi watakaosema huu ni mchezo wa watoto wenye nafasi, na kwamba mwanafunzi wa Eastlands ana mitihani na ada za kuwaza. Hofu hiyo ina msingi na haifai kudharauliwa. Lakini tazama Mei 11, 2018. Siku hiyo setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF, kijisanduku cha sentimita kumi kila upande, iliachiliwa angani kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Iliundwa Chuo Kikuu cha Nairobi, wanafunzi wakiwa mstari wa mbele. Mtu huanza kufikiria kitu kabla ya kukikokotoa, na mahali pa kuanzia kufikiria pamoja na wenzako hapapaswi kuwa na bei ya Westlands.

Isitoshe, faida kubwa zaidi haiko jukwaani. Iko kwa wale wenye fulana za wahudumu. Anayejitolea mwaka wa kwanza hufunga utepe kwenye mikono ya wageni na kubandika nyaya sakafuni ili mtu asijikwae. Mwaka wa pili hupewa chumba: yeye ndiye anayemwonyesha mzungumzaji kadi ya dakika tano, anayetafuta maikrofoni nyingine hii ikizima, anayemtuliza mtoto ambaye bawa la vazi lake limeng'oka na gundi haipo. Mwaka wa tatu hushika bajeti, huandikia ofisi barua ya kuomba ukumbi na kujibu lawama. Kijana aliyepitia hatua hizo anajua kusimamia watu mia kadhaa kabla hajapata cheti. Waajiri wanaolalamika kwamba wahitimu hawana uzoefu wangefanya vyema kuulizia watu wa aina hii.

Kujitolea huku kusigeuzwe kuwa utumwa mtamu. Vijana wa Eastlands wamechoshwa na miradi inayowaita "mabalozi", kuwapiga picha na kuwarudisha nyumbani na njaa. Anayefanya kazi kutwa apewe chakula na nauli, jina lake liandikwe kwenye programu, na awe na kura katika kamati. Wadhamini walete fedha, maamuzi yabaki kwa wanafunzi.

Kinachohitajika kuanza si kikubwa. Serikali ya Kaunti ya Nairobi itoe ukumbi wa Kaloleni kwa Jumamosi moja bila ada na bila urasimu wa barua kumi. Maktaba mbili zifungue milango yake kwa usomaji na filamu. Vyuo vya Buruburu na Donholm vitoe wanafunzi kumi kila kimoja, na walimu wakuu wa sekondari za Makadara, Kamukunji na Embakasi waruhusu vilabu vyao vya sayansi na vya Kiswahili kuhudhuria kwa pamoja. Mafundi wa Kamukunji waalikwe kama wakufunzi, na walipwe.

Worldcon halijawahi kuja Afrika tangu 1939. Eastlands haina sababu ya kulisubiri. Mwanafunzi anayesoma haya akiwa na wenzake wanne wanaopenda vitabu au katuni, aitishe kikao wiki hii, achague katibu, na barua ya kwanza ifike ofisi za kaunti kabla muhula haujaisha.