Tembo wa Tsavo: Mharibifu au Mjenzi?

Wapo wanaomhesabu tembo kuwa ni mharibifu asiyejua ila kung'oa miti na kuvamia mashamba. Wapo pia wanaomsifu kana kwamba popote alipo, na kwa idadi yoyote, ni kheri tupu. Sisi tunaona kauli zote mbili zina upungufu, na ushahidi wetu ni Tsavo, hifadhi ya Kenya iliyoanzishwa mwaka 1948.

Katika miaka ya 1950 na 1960, tembo waliozoea kuhama huku na kule walisongamana ndani ya hifadhi hiyo, wakikimbia bunduki na makazi ya watu. Tembo mzima aweza kula zaidi ya kilo 100 za majani na magome kwa siku. Basi vichaka vikaangushwa, mibuyu ikachunwa magome, na mahali pengi pakageuka mbuga ya nyasi. Wanyama walao nyasi, kama punda milia na choroa, walinufaika. Tandala mdogo na swala twiga, wategemeao vichaka, wakapata hasara. Ukame wa 1970 na 1971 ulipofika, maelfu ya tembo walikufa kwa njaa, wengi wao majike na watoto wasioweza kwenda mbali na maji.

Je, dawa ilikuwa kuwamaliza? La hasha. Majangili waliwaua wengi mno, hata ilipofika mwaka 1988 walibakia takriban 6,000 tu. Vichaka vikarudi kwa nguvu, lakini kazi ya tembo ikapungua. Ni nani mwingine awezaye kufungua njia katika kichaka kizito, kuchimba maji katika mchanga wa mto mkavu wakanywa na wanyama wengine, na kusafirisha mbegu kwa kinyesi chake masafa marefu?

Kwa hiyo aibu haimwangukii tembo, bali kufungiwa kwake. Akipita na kuondoka, mti huchipua tena. Akizuiliwa mahali pamoja, mti hauna fursa. Mizani ya nchi ile imo katika mwendo.

Hesabu ya mwaka 2021 ilionyesha tembo takriban 15,000 katika eneo la Tsavo. Idadi hiyo ni ya kufurahisha, lakini pia ni onyo. Lau mapito yao yatazibwa kwa nyua na mashamba, yaliyotokea zamani yaweza kurudi. Reli mpya iliyoanza kazi mwaka 2017 ilijengewa vivuko chini yake, na tembo wanavitumia. Basi jambo hili lawezekana.

Hata hivyo, si uadilifu kumwambia mkulima wa Taita astahimili kwa ajili ya nchi nzima, huku mahindi yake yakiliwa usiku mmoja naye akisubiri fidia miaka. Mwenye kutaka mapito yabaki wazi, na aanze kwa kumlipa haki yake yule anayeishi kando ya mapito hayo.