Kabla ya Karo ya Ualimu, Mtoto Akae Kwanza Nyuma ya Darasa



Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yakitoka, katika nyumba zetu za reli huanza shauri lile lile. Mtoto amepata alama nzuri za hesabu na fizikia. Baba ataka awe injinia. Mama asema ualimu ni kazi ya heshima. Mjomba naye asema walimu hukaa miaka mingi bila kuandikwa kazi. Wote watatu wasema kwa sauti kubwa, na hapana hata mmoja wao aliyepata kusimama mbele ya darasa. Mtoto mwenyewe amenyamaza. Mwisho fomu inajazwa, mkopo wa chama cha akiba unachukuliwa, na miaka minne ya karo inaanza.

Sisi twasema hivi: kijana mwenye kichwa cha hesabu au sayansi, kabla ya kuchagua ualimu, na kabla ya kuukataa pia, apelekwe shuleni akakae nyuma ya darasa kwa majuma mawili, aitazame kazi yenyewe.

Wako watakaotucheka. Watasema, "Kwani hakukaa darasani miaka kumi na miwili?" Alikaa, lakini alikaa kama abiria. Mtu anaweza kusafiri Mombasa mpaka Nairobi mara mia moja, na bado asijue dereva anaanza kushika breki wapi kabla ya mteremko. Jambo hili lilielezwa vizuri na Dan Lortie wa Chuo Kikuu cha Chicago katika kitabu chake Schoolteacher cha mwaka wa 1975. Alisema mwanafunzi humwona mwalimu akitenda tu. Haoni matayarisho yake, wala hajui kwa nini mwalimu amechagua swali hili akaacha lile. Kwa hiyo watu wengi huingia kazini wakidhani wanaijua, kisha hufundisha vile vile walivyofundishwa, na kama walifundishwa kwa kukariri, nao wanakaririsha.

Sisi wa reli mambo haya si mageni kwetu. Dereva mpya hapewi gari la moshi kwa sababu ya cheti peke yake. Hupanda kwanza na dereva mkongwe ajifunze njia: kona iko wapi, ishara iko wapi, mlima unaanzia wapi.

Twajua kwamba vyuo vikuu vyetu vina mazoezi ya kufundisha. Lakini mazoezi hayo kwa kawaida huja wakati karo ya miaka miwili au mitatu imekwisha kuliwa. Mwenzetu mmoja wa karakana alimsomesha binti yake kwa mkopo. Binti alipofika kwenye mazoezi akamwambia, "Baba, hesabu naipenda, lakini kazi hii siiwezi." Msichana huyo si mvivu. Hakuna mtu aliyempa nafasi ya kuiona kazi mapema, basi. Baba yake bado anakatwa mshahara kila mwezi.

Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin kilianza mwaka wa 1997 mpango uitwao UTeach. Wanafunzi wa hesabu na sayansi huanza kwa kozi fupi. Hutazama darasa la watoto wadogo, kisha hufundisha masomo machache chini ya jicho la mwalimu mzoefu. Anayependa huendelea na ualimu, na asiyependa hurudi kwenye masomo yake bila hasara kubwa. Vyuo vingine vingi vya nchi ile vimeufuata mpango huo. Kama wenye mali wameona faida ya kuonja kabla ya kununua, sisi tunaohesabu kila shilingi tungoje nini?

Lakini kutazama nako kuna kazi yake. Kijana akikaa nyuma na kumkodolea macho mwalimu tu, atarudi nyumbani na maneno kama "anafundisha vizuri" au "ana sauti ndogo." Hayo hayatusaidii. Awatazame watoto.

Tuchukue mfano wa hesabu za sehemu. Mwalimu ameandika ubaoni nusu ujumlishe theluthi. Mtoto anainua mkono, anajibu: mbili juu ya tano. Kila aliyefundisha hesabu amekutana na jibu hili. Mtoto amejumlisha namba za juu, akajumlisha na za chini. Sasa ndipo kijana wetu afungue daftari lake aandike kinachofuata. Mwalimu wa namna moja atasema "Hapana, mwingine," na mtoto yule ataketi bila kujua kosa lake liko wapi. Mwalimu wa namna nyingine atamwuliza, "Umepataje?" Kisha atachukua mkate aukate nusu, aongeze theluthi ya mkate mwingine, amwulize: ulikuwa na nusu, ukaongezewa, sasa imekuwaje umebaki na kilicho chini ya nusu? Maana mbili juu ya tano ni ndogo kuliko nusu. Mtoto atacheka mwenyewe. Hapo njia ya kufikia tano juu ya sita imefunguka, na hataisahau upesi. Ufundi wa mwalimu uko hapo. Kujua kwamba jibu ni tano juu ya sita, hata sisi tuliosoma shule ya msingi ya misheni twajua. Kujua kwa nini mtoto alisema mbili juu ya tano ni jambo jingine kabisa.

Tena aende na saa. Mary Budd Rowe, mama mmoja wa Marekani, alirekodi masomo ya sayansi katika madarasa mengi, akatangaza habari zake mwaka wa 1974. Aliona kwamba walimu wakiuliza swali husubiri kama sekunde moja tu, kisha hujibu wenyewe au huita mwingine. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, watoto walitoa majibu marefu yenye sababu, na wale waliokuwa kimya wakaanza kusema. Sekunde tatu! Sisi tunaosubiri ishara ibadilike twajua ni muda mdogo namna gani, lakini kwa mwalimu mwenye haraka ya kumaliza kitabu ni kama saa nzima.

Kijana na aone upande mchungu pia. Ayaone madaftari sitini yanayongoja kusahihishwa. Aione maabara yenye vyombo vichache, ambamo mwanafunzi mmoja anafanya jaribio na kumi wanachungulia mabegani mwake. Amwulize mwalimu kwa adabu ni miaka mingapi alingoja kuandikwa, na kama mshahara unatosha. Sisi watu wa chama hatuwezi kumficha mtoto habari za mshahara kwa kumwambia kwamba ualimu ni wito. Wito haulipi kodi ya nyumba.

Na binti zetu waende sawa na wavulana. Wahesabu wenyewe mwalimu anawauliza wasichana mara ngapi na wavulana mara ngapi. Hesabu hiyo yaweza kumfundisha binti kwa nini aliwahi kudhani fizikia si yake.

Mwaka wa 2019 Peter Tabichi, mwalimu wa hesabu na fizikia katika shule ya Keriko huko Njoro, alipata tuzo ya dunia ya walimu, dola milioni moja. Tulifurahi sana. Lakini kijana asitafute mwalimu wa tuzo peke yake. Amtazame wa kawaida, siku ya Jumatatu ya kawaida, maana hiyo ndiyo kazi atakayoifanya.

Walimu nao wasidhani tunawapelekea wapelelezi. Kule Japani walimu hukaribishana madarasani, kisha hulijadili somo bila kumtia mwenzao aibu. Mpango wa SMASSE, ulioanzishwa hapa Kenya mwaka wa 1998 kwa msaada wa Wajapani katika wilaya tisa, uliwazoesha walimu wetu wa hesabu na sayansi njia kama hiyo.

Basi twaiomba kamati ya tawi iwaandikie walimu wakuu wa shule zilizo karibu na nyumba za reli. Barua iombe nafasi kwa vijana wawili wawili, siku kumi za muhula wa kwanza, kwa sababu fomu za kuchagua kozi huja mapema kuliko chuo kufunguliwa. Kijana aende na barua ya tawi na kitambulisho. Asipige picha za watoto, asiseme darasani mpaka aulizwe, na simu aizime. Jioni mzazi asome daftari lake pamoja naye, hata kama hesabu zenyewe zimempita. Wenye watoto waliomaliza kidato cha nne wampe katibu majina kabla ya mkutano ujao, waseme na somo ambalo mtoto angependa kulitazama.