Tusiilaumu Mita Kabla ya Kuisoma

Miongoni mwa malalamiko yanayosikika katika nyumba zilizounganishiwa stima huko Tabaka, na kwingineko nchini, ni kwamba tokeni huyeyuka kabla ya siku zake. Lawama huiangukia mita, kisha mwanafunzi anayedurusu usiku huamriwa azime taa. Amri hiyo ni dhuluma itokanayo na kutohesabu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Yuniti moja ya umeme ni wati 1,000 zinazotumika kwa saa moja. Balbu ya kisasa ya wati 9 humwangazia msomaji kwa zaidi ya saa 100 kabla ya kuimaliza. Birika la wati 2,000 huimaliza kwa nusu saa. Kifaa cha kupasha maji ya kuoga cha wati 5,000, kwa dakika 12 tu. Anayeonewa basi ni mwenye kitabu, ilhali aogaye maji moto hasemwi.

Isitoshe, nchi haina budi kujiandaa si kwa yuniti za mwezi pekee, bali pia kwa ile saa ya jioni ambapo kila mtu huwasha kila kitu. Kituo cha Sondu Miriu, kilichoanza kuzalisha umeme mwaka 2008, kina uwezo wa megawati 60. Nyumba 12,000 zikipasha maji ya kuoga kwa pamoja zingeumeza uwezo huo wote. Wenye umri hawajausahau mgao wa umeme wa 1999 na 2000, ukame ulipopunguza maji katika mabwawa ya Mto Tana.

Usalama nao usipuuzwe. Plagi ya ampea 13 kwenye volti 240 huhimili wati 3,120. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 zikichomekwa pamoja kwenye waya mmoja wa nyongeza, kikomo hicho kimevukwa, na moto hauko mbali.

Mchongaji wa mawe ya sabuni wa Tabaka hulipima jiwe kabla ya kulikata. Walimu wawafunze wanafunzi ada hiyo: wasome wati zilizoandikwa kwenye kila kifaa nyumbani, wazidishe kwa saa za matumizi, kisha walinganishe na mita. Ikiwa mita itazidi kukana hesabu yao, hapo ndipo walalamike. Mlalamishi mwenye hesabu mkononi hapuuzwi kwa urahisi.