Ufa Kando ya Kilango cha Moyo

Aliyekulia kijiji cha wilaya ya Bariadi halihitaji kuelezwa lambo. Wananchi hujenga tuta la udongo, na pengine hupitisha bomba ndani yake ili maji ya mifugo yatoke kwa mpango. Bomba laweza kuwa zima na koki yake kufungwa barabara, na bado lambo likakauka. Maji hayapiti ndani ya bomba. Hupenya kando yake, pale ambapo udongo haukushikamana na chuma. Mwanzoni huwa ni unyevu tu juu ya tuta. Baadaye huwa mfereji.

Jambo kama hilo hutokea katika moyo wa binadamu. Nimeona vema kulieleza hapa kwa sababu wagonjwa wanaohusika wamo miongoni mwetu, na wengi wao ni vijana.

Moyo una vilango vinne, viitwavyo valvu, ambavyo huruhusu damu kupita upande mmoja tu. Mtoto aliyeugua koo kwa bakteria aina ya streptokoka, asipotibiwa, huweza kupatwa na homa ya baridi yabisi. Nayo homa hiyo ikijirudia huharibu valvu. Zikiharibika kabisa, hapana budi ziwekwe za bandia. Mwaka 1960 daktari Albert Starr, akitumia valvu aliyoibuni pamoja na mhandisi Lowell Edwards, alifanya kazi hiyo kwa mafanikio huko Marekani. Hapa nchini upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na tangu mwaka 2015 tunayo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Hii ni fahari ya taifa. Hoja yangu ni juu ya yale yanayofuata baada ya mgonjwa kurejea kwao.

Valvu ya bandia ina pete ya kitambaa ambayo hushonwa kwa nyuzi kwenye nyama ya moyo. Nyama hiyo ikiwa dhaifu, au ikiwa imekauka kwa chumvi za kalisi, au ikiliwa na bakteria, nyuzi huachia. Hapo hubaki ufa kati ya pete na moyo, na damu hurudi nyuma. Makadirio ya tafiti ni kwamba uvujaji wa kiasi fulani huonekana katika valvu 7 hadi 17 kwa kila 100 zinazowekwa mahali pa valvu ya mitrali, na 2 hadi 10 kwa kila 100 za aota. Nyingi ya nyufa hizo ni ndogo na hazimdhuru mgonjwa. Ni chache tu, labda 1 hadi 5 katika 100, ambazo huleta maradhi; lakini hizo huweza kuua.

Mwalimu wa fizikia aweza kuwapa wanafunzi wake hesabu hii. Ventrikali ya kushoto inapojikaza, presha yake huizidi ile ya chumba kilicho juu yake kwa kiasi cha milimita 100 za zebaki. Madaktari hutumia kanuni kwamba tofauti hiyo ya presha ni sawa na mara 4 ya kipeo cha pili cha mwendo wa damu, ukihesabiwa kwa mita kwa sekunde. Basi mwendo ni mita 5 kwa sekunde, yaani kilomita 18 kwa saa, ndani ya tundu lisilozidi milimita chache! Na moyo hupiga mara 100,000 hivi kwa siku.

Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida huishi siku 120, hupasuka zikipita hapo. Mgonjwa hupungukiwa damu, macho huwa manjano, na mkojo huweza kuwa mweusi kama chai ya rangi. Ajabu ni kwamba ufa mwembamba huweza kupasua chembe nyingi kuliko ulio mpana. Ule mpana una madhara yake: moyo huchoka kwa kusukuma damu ile ile mara mbili, mapafu hujaa maji, na miguu huvimba.

Sasa tumfikirie kijana mwenye valvu ya bandia anayefika kwenye zahanati katika mkoa wa Simiyu akiwa amepauka, macho ni ya manjano na mkojo umebadilika rangi. Mganga atafikiri nini? Malaria, au kichocho. Nami simlaumu, kwa maana maradhi hayo ndiyo anayoyaona kila siku. Atatoa dawa, mgonjwa atarudi nyumbani, na ufa utaendelea kupanuka.

Kuna kipimo chepesi cha kuanzia. Mkojo wa kichocho una chembe nzima za damu. Ukizungushwa katika mashine ya maabara, chembe hutuama chini na mkojo wa juu hung'aa. Palipopasuka chembe, rangi hubaki humo humo. Kipimo hiki hakithibitishi ufa, kwani malaria kali nayo hupasua chembe, lakini chatosha kumfanya mganga ampeleke mgonjwa akapimwe moyo kwa mawimbi ya sauti. Ufa ukijulikana mapema, daktari huweza kuuziba kwa kizibo kinachopitishwa ndani ya mshipa, au kushona upya.

Wapo watakaosema kwamba uvujaji mdogo si wa kujali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 juu ya valvu za aota zinazoingizwa kwa njia ya mshipa ulionyesha kwamba hata uvujaji mdogo uliambatana na vifo vingi zaidi katika miaka miwili. Lakini wagonjwa wale walikuwa wazee sana, nasi wetu ni vijana wenye maradhi ya asili nyingine. Hatuwezi kuazima majibu yao. Yatupasa kuwahesabu na kuwafuatilia wagonjwa wetu wenyewe kwa miaka.

Kwa maoni yangu, basi, kila valvu inayoshonwa Dar es Salaam ihesabiwe kuwa kazi iliyofika nusu. Nusu ya pili iko wilayani: daftari la wagonjwa wa valvu katika kila hospitali, mashine ya kupima moyo na mtu aliyefunzwa kuitumia, na kadi ambayo mgonjwa ataionyesha kwa kila mganga. Kutoka Bariadi hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Haifai kila swali lisafiri umbali huo.

Walimu nao wana sehemu yao. Mwanafunzi anayeumwa koo pamoja na homa apelekwe akatibiwe, kwa sababu penisilini ya leo huokoa valvu ya kesho. Na aliyekwisha kupasuliwa asidhaniwe kuwa mvivu anapohema kwa kupanda ngazi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa moyo haujengwi mara nyingi.